Mshipa wa nitrojeni na mshipa wa kigasha

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi wa thieta hapa Mombasa. Akiletwa mgonjwa aliyekatwa na msumeno au mashine ya kuranda, mara nyingi daktari humaliza mifupa na kano, halafu akifika kwenye ateri anakuta kipande kimeharibika, ncha hazifikiani. Inabidi afungue jeraha jingine, kwenye kigasha au mguuni, atafute vena ya kuziba pengo. Hapo saa nzima inapotea. Nimesikia kwamba ng'ambo wanahifadhi mishipa ya watu waliofariki kwenye baridi kali na kuitoa ikihitajika, kama sisi tunavyotoa damu kwenye friji. Inafaa kwa mishipa midogo ya vidole? Na tukitaka kuanza huku, tunahitaji nini?

Jibu: Marahaba, sista. Kwa vidole, hapana. Kwa ateri za kigasha na za mguu, pale ambapo mgonjwa hana vena yake hata moja ya kufaa, ndiyo, ila kwa masharti. Na ile saa unayosema inapotea inaweza kupatikana bila kununua tangi la nitrojeni ya maji, ambayo ndiyo inayoleta baridi hiyo kali, nitafika huko.

Kwanza tukubaliane lugha. Ateri ni mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, vena ni unaoirudisha. Kiswahili kina neno moja, kuganda, kwa maji yanapokuwa barafu na kwa damu inapokuwa bonge. Humu nitasema "kugandishwa" kwa baridi peke yake, na "bonge" kwa damu, maana shida yote ya mishipa hii ni kwamba jambo la kwanza linazaa la pili.

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando wa seli zilizotandazwa safu moja tu. Unaitwa endothelia, na ni mwepesi kuharibika kiasi kwamba ukiupitishia ncha ya koleo mara moja umeshaukwangua. Utando huo unatoa kemikali zinazozuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha bonge, zisinate ukutani. Ukibanduka, damu inakutana na kolajeni, nyuzinyuzi za protini zilizo chini yake, na kolajeni kwa chembe sahani ni kama sukari kwa sisimizi. Mshipa ulioondolewa kwa mgonjwa mwenyewe na kupandikizwa ndani ya nusu saa unakuja na utando wake ukiwa hai, angalau kwa sehemu kubwa. Uliogandishwa unakuja umeupoteza, au umebaki nao kwa mabaka yanayobanduka damu ikianza kupita.

Kwa nini baridi iue utando? Mtoe samaki changu aliyekaa friza mwezi mzima, umwache ayeyuke kwenye sinia. Yale maji mekundu yanayochuruzika sehemu yake kubwa yalikuwa ndani ya seli za nyama, barafu imezipasua. Ukigandisha taratibu mno, barafu huanza nje ya seli, chumvi iliyobaki inakolea, na seli inanyonywa maji mpaka inasinyaa. Ukigandisha haraka mno, barafu inaundwa ndani ya seli yenyewe. Katikati kuna njia nyembamba: joto lishuke kama nyuzi 1 ya Selsiasi kila dakika, mshipa ukiwa umelowekwa kwenye dawa ya kuukinga. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba gliserini huikinga mbegu ya jogoo isife ikigandishwa. Miaka 10 baadaye ikaja dimethili salfoksaidi, na hiyo ndiyo inayotumika sana kwa mishipa hadi leo, kwa kiasi cha asilimia 10.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaijua teknolojia hii kuliko sisi wa hospitali. Mtungi wa mbegu za fahali anaotembea nao mpandishaji ni nitrojeni hiyohiyo ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Lakini mbegu ni seli mojamoja inayoelea. Zikifa nusu, zilizobaki zinatosha. Mshipa ni tishu ya matabaka matatu, unene tofauti, na dawa ya kinga haipenyi kote kwa kasi moja. Hata katika maabara nzuri, sehemu ya misuli ya ukuta hupona, na kolajeni inayoupa mshipa uimara hubaki. Kinachoumia kwanza ni endothelia, ambayo ndiyo hasa tunaihitaji.

Sasa weka hesabu juu ya hilo. Kwenye mshipa wa milimita 4, chembe chache zikinata ukutani damu inapita kama kawaida. Ateri ya kidole ina upenyo wa milimita 1 hivi, mara nyingine moja na nusu. Tabaka la robo milimita likijengeka pande zote, upenyo umebaki nusu. Na upenyo ukipungua nusu, mtiririko, presha ikiwa ileile, hushuka hadi sehemu moja ya 16. Damu inayokwenda polepole inaongeza chembe zinazonata, na mzunguko huo hauchukui siku. Unaweza kuchukua dakika 20, mgonjwa akiwa bado mezani.

Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hawakifikirii. Mishipa ya kwenye benki, yaani vituo vinavyohifadhi mishipa ya waliofariki, kwa kawaida ni vena ndefu ya mguuni, inayopanda kutoka kifundo cha mguu hadi kwenye kinena, kwa sababu ni ndefu, imenyooka na hutolewa kwa urahisi. Upenyo wake ni milimita 3 hadi 5. Kuiunga na ateri ya kidole ni kama kuunga bomba la tangi la dari na mrija wa soda. Tofauti ndogo ya upenyo hutatuliwa kwa kupanua mshipa mwembamba na ncha ya koleo. Ikikaribia mara mbili, unakata ule mwembamba mshazari ili mdomo wake upanuke. Ikizidi hapo, damu inazunguka palepale kwenye kiungo kama maji ya kona ya mto, na bonge linaanzia hapo. Vena za ukubwa wa vidole zipo mwilini mwa mtoaji, bila shaka, ila hakuna anayepata faida kwa kuzitoa moja moja na kuzihifadhi, wakati mgonjwa mwenyewe amelala mezani akiwa nazo tele upande wa ndani wa kigasha, sentimita chache juu ya kifundo cha mkono.

Mishipa ya benki inapofaa ni hapa: ateri mbili za kigasha, ambazo karibu na kifundo cha mkono zina milimita 2 hadi 3, na ateri za mguu. Mgonjwa aliyeungua mwili mzima. Mwenye kisukari ambaye vena za miguu zimeshatumika kwenye moyo. Aliyetobolewa sindano za dripu na za kusafisha figo mpaka vena zimekuwa kamba. Jeraha lenye usaha, ambapo mrija wa plastiki ungeshika maambukizi, na kwa ukubwa huu mirija ya plastiki huziba upesi hata pasipo usaha. Huko ng'ambo matumizi makubwa ya mishipa hii si ya upasuaji wa hadubini, ule wa kushona mishipa midogo, hata kidogo. Ni miguu iliyokaribia kukatwa, na hata huko huziba mapema kuliko vena ya mgonjwa mwenyewe. Wanaoitumia wanajua kwamba wananunua muda tu, kidonda kipate kupona.

Muda huo una thamani, tusiudharau. Kidole kilichorudishwa, au kipande cha ngozi na nyama kilichohamishwa, huanza kupokea damu kutoka kwenye tishu za jirani ndani ya wiki 2 hadi 3. Kipandikizi kikiziba baada ya hapo, mara nyingi kiungo hakifi. Kwa hiyo mtu anaweza kujitetea kwamba mshipa wa kuvusha unatosha, hata kama hautadumu. Ni hoja nzuri yenye tundu moja: mabonge mengi hutokea katika saa 72 za kwanza, na hizo ndizo saa ambazo mshipa usio na endothelia ni dhaifu kupita wakati wowote mwingine.

Tuseme basi umeamuliwa kutumika na umefikishwa thieta. Hapa kazi kubwa ni ya muuguzi kuliko ya daktari wa upasuaji, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karatasi kwanza. Namba ya mtoaji, kundi lake la damu, urefu na upenyo wa mshipa, tarehe ya mwisho, majibu ya vipimo vya virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, pamoja na majibu ya kuotesha vijidudu. Kundi la damu lilinganishwe na la mgonjwa inapowezekana. Mfuko ukiwa na ufa, hata mdogo, haufunguliwi. Ukiwa umesafirishwa juu ya barafu kavu, ambayo ni nyuzi 78 chini ya sifuri, ujue safari ya kurudi haipo: haurudishwi kwenye nitrojeni, na ukishayeyuka haugandishwi tena.

Kuyeyusha kunataka uharaka, lakini si tangu mwanzo. Chini ya nyuzi 120 hivi za hasi, maji yaliyomo kwenye tishu si barafu ya kawaida. Yamekuwa kama kioo. Umeona glasi ya chai iliyotoka kwenye friji ikimiminiwa chai ya moto: inapasuka. Mshipa uliotolewa kwenye mvuke wa nitrojeni ukatumbukizwa moja kwa moja kwenye maji ya moto hufanya vivyo hivyo, na nyufa zake ni nyembamba kiasi kwamba huzioni mpaka damu itoke. Ndiyo maana mfuko huachwa kwanza kwenye hewa ya chumba kwa dakika chache. Kila benki huandika dakika zake kwenye karatasi ya mfuko, na hizo ndizo za kufuata, si za benki nyingine. Baada ya hapo ndipo unaingia kwenye beseni la maji ya nyuzi 37 hadi 40. Hapo sasa haraka, kwa sababu barafu inayoyeyuka polepole hujiunda upya kuwa punje kubwa zaidi, zenye kukata. Mfuko utikiswe taratibu ndani ya maji, usikamuliwe wala kukunjwa. Kipimajoto kiwe ndani ya beseni muda wote. Maji ya birika yaliyopimwa kwa kiwiko si kipimo.

Zikibaki chembe kidogo za barafu ndani ya mfuko, utoe. Usisubiri ziishe, maana dawa ile ya kinga inayookoa seli kwenye baridi huanza kuzidhuru ikishapata joto. Mfuko wa nje si safi. Unafunguliwa na aliye nje ya uwanja tasa wa upasuaji, na wa ndani unapokewa na aliyevaa glavu tasa.

Kisha kuosha. Hapa ndipo watu hufupisha njia, wakimwaga mshipa kwenye bakuli la salaini, yaani maji ya chumvi, mara moja. Seli zilizojaa dawa asilimia 10 zikiingia ghafla kwenye kimiminika kisicho na dawa, maji huzivamia, zinavimba na kupasuka. Kazi yote ya nyuzi 1 kwa dakika imepotea kwenye bakuli. Panga mabakuli matatu ya kimiminika baridi, nyuzi 4 hivi, kile ilichoagiza benki: la kwanza likiwa na dawa nusu ya ile ya mfuko, la pili robo, la tatu bila dawa. Dakika 5 kila moja ni kiasi cha kawaida. Kata kipande kidogo cha ncha kipelekwe maabara kuoteshwa, pamoja na maji ya mfuko. Andika saa. Kuanzia hapo mshipa utumike ndani ya saa chache, na ukiwa mezani usiachwe chini ya taa ukakauka. Dondoshea salaini kila mara, usiufunike na shashi kavu.

Sasa ujaribiwe. Kanula laini ya geji 24, sindano ya mililita 5, salaini yenye heparini, dawa ya kuzuia bonge, uniti 100 kwa kila mililita. Bana ncha moja, jaza taratibu. Mkono wa mtu ukisukuma sindano ndogo unaweza kuzidi presha ya damu mara mbili bila kujua, na mshipa uliopulizwa hivyo unapasuka ndani hata kama nje unaonekana mzima. Jaza mpaka uwe duara, basi. Angalia ukuta wote: kinachovuja kwenye tawi dogo kinafungwa kwa uzi, tundu moja linashonwa, lakini ukiona mstari wa matone kama jasho kando ya mshipa, huo ni ufa wa baridi, na kitu hicho hakipandikizwi.

Upande wa vali, vile vilango vya ndani ya vena vinavyoruhusu damu upande mmoja tu, pia ujulikane sasa, kabla ya hadubini kusogezwa. Kwa mshipa wa mgonjwa mwenyewe, daktari ametia alama ya uzi kwenye ncha ya chini akiwa anauona mahali pake. Wa benki unategemea lebo, na lebo hukosewa. Puliza salaini kutoka ncha moja halafu nyingine: upande utakaogoma ndio unaoonyesha vali zinafunga kuelekea wapi. Kwenye ateri mshipa unageuzwa, ncha ya chini ya vena iende upande wa moyo. Kwenye vena haugeuzwi. Ukikosewa hapa, kipandikizi kinajaa, kinapendeza, na hakipitishi hata tone. Ukiwa bado umejaa, pigwe mstari wa wino wa bluu urefu wote upande wa juu. Mstari ukizunguka wakati wa kushona, mshipa umepindika.

Urefu nao una mtego wake. Vena mbichi ikikatwa hujivuta, pengine theluthi ya urefu wake, na damu ikiingia hurefuka tena. Ndiyo maana daktari hukata ndefu kidogo, akashona upande wa juu, akaachia damu, ndipo akapunguza upande wa chini. Iliyogandishwa misuli yake imechoka, haijivuti vilevile. Ipimwe ikiwa imejaa, kiungo kikiwa kimenyoshwa. Ikizidi inapinda kama mpira wa kumwagilia maua na kujikunja. Ikipungua, nyuzi zinakata ukuta. Nyuzi zenyewe ni nailoni 10-0 kwa mshipa wa milimita 1, 9-0 kwa milimita 2, na 8-0 inatosha kwenye ateri kubwa ya kigasha. Uzi wa 10-0 unene wake ni kama theluthi ya unywele. Ukiuangusha kwenye kitambaa cha kijani, msamehe, fungua mwingine. Ukuta uliogandishwa ni mlaini na matabaka yake huachana kwa urahisi, kwa hiyo sindano ipite matabaka yote kwa wima, na koleo lishike ngozi ya nje tu ya mshipa, kamwe lisiingie mdomoni.

Kuhusu mwili kuukataa: baridi haifuti alama za mtoaji zilizo kwenye seli. Mgonjwa hutengeneza kingamwili dhidi yake, ukuta huingiliwa na chembe nyeupe, na miezi ikipita mshipa huziba au hulegea na kutuna. Hakuna anayempa mtu dawa za kushusha kinga ya mwili kwa ajili ya kidole. Hatari ya dawa inazidi faida. Lakini kuna mgonjwa mmoja wa kumfikiria mapema: yule mwenye figo mbovu. Mara nyingi ni huyohuyo mwenye kisukari, asiye na vena, anayeonekana kufaa kabisa kwa mshipa wa benki. Kingamwili alizozipata kwa sababu ya mkono zinaweza kumzuia asipate figo inayomlingana baadaye. Kabla ya kutumia, aulizwe kama yuko kwenye mpango wa kupandikizwa figo. Swali hilo liwe kwenye fomu, lisitegemee kumbukumbu ya mtu.

Haya, turudi kwenye saa yako. Ateri haifikiani kwa sababu mfupa umerudishwa kwa urefu wake wote huku nyama imepungua. Kwenye kidole, kuufupisha mfupa milimita 5 hadi 10 kabla ya kuufunga huleta pamoja ateri, vena, neva na ngozi kwa mara moja, na pengo mara nyingi linatoweka. Hiyo ni dakika 10 za msumeno mdogo badala ya saa ya kutafuta vena. Uamuzi huo lazima uje mwanzoni. Mfupa ukishapigwa vyuma umechelewa. Pili, vena itafutwe na mtu wa pili wakati wa kwanza anasafisha jeraha. Kabla ya dawa ya usingizi, mfunge mgonjwa kamba ya mpira kwenye mkono kama unayemtafutia dripu, zile vena zichomoze, uzichore kwa kalamu. Ukifungua ngozi kamba ya presha ikiwa imekaza na mkono umekamuliwa damu, vena haionekani, na hapo ndipo nusu saa inakokwenda. Tatu, kama vidole viwili vimekatika na kimoja hakirudishiki, usikitupe. Vena na ateri zake ni za mgonjwa mwenyewe, mbichi, na za ukubwa uleule. Kiweke kwenye shashi yenye unyevu wa salaini, ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko juu ya maji ya barafu, mpaka daktari aseme amemaliza nacho. Mashine ikikata vidole vingi, hicho ndicho kinachoweza kuwa benki bora kuliko zote.

Na kwa kuwa tumetaja barafu: jamaa wanaoleta kidole kimefukiwa kwenye barafu ya samaki wanamaanisha wema, lakini tishu inayogusa barafu moja kwa moja inaungua kwa baridi, mishipa ikiwa ya kwanza. Kidole kilichowekwa vizuri kwenye ubaridi kinaweza kusubiri hata saa 24. Kikiwa kwenye joto la Mombasa la mwezi wa pili, nusu ya hapo ni bahati. Kiungo chenye misuli, mkono mzima kwa mfano, kina saa 6 tu nje ya baridi.

Tukitaka kuanza benki huku, tangi ndilo jambo jepesi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima ya viungo na tishu za binadamu, na inataka ridhaa ya maandishi na kituo kilichoidhinishwa. Si jambo la thieta moja kujiamulia. Mtoaji lazima afikiwe mapema, ndani ya siku moja baada ya kufa ikiwa mwili umewekwa kwenye baridi upesi, na pungufu ya hapo kama haukuwekwa. Katika mji ambao maiti wengi huoshwa na kuzikwa siku hiyohiyo, mazungumzo hayo na jamaa yanahitaji kufanyika miaka kabla ya msiba, misikitini na makanisani, si kwenye korido ya wodi. Wengine huuliza kuhusu vena zinazotolewa kwa watu wenye mishipa ya miguu iliyovimba. Zimewahi kutumika Ulaya kwa miguu, lakini ukuta wake umeshalegea na upenyo haulingani sehemu mbili. Kwa hadubini usizifikirie.

Nitrojeni nayo ina tabia zake. Inachemka yenyewe kila siku hata mtungi ukifungwa, kwa hiyo kina chake hupimwa kwa kijiti kwa ratiba maalumu na kuandikwa. Mishipa ikae kwenye mvuke, chini ya nyuzi 130 za hasi, isizame kwenye maji yenyewe: mwaka 1995 iliripotiwa Uingereza kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vilihama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine ndani ya tangi. Na lita 1 ya nitrojeni ikivukiza inakuwa karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu, inayofukuza hewa ya oksijeni. Kale kachumba ka stoo kasiko na dirisha, ambako vifaa visivyo na mahali hupelekwa, ni mahali pa mtu kuzirai kimya kimya. Friza ya nyuzi 80 za hasi si badala yake, maana barafu kwenye tishu bado inajibadilisha taratibu kwa joto hilo, na stima ikipotea usiku mmoja tu hesabu imeharibika.

La mwisho ni wodi, ambako vipandikizi vingi huokolewa au kupotea, viwe vya mgonjwa au vya benki. Kila saa kwa siku mbili za kwanza: joto la kidole, unono wa ncha yake, na kubonyeza ncha kuona damu inarudi ndani ya sekunde 2. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya. Tazama chini ya kucha na upande wa ndani wa ncha. Mama aliyetoka harusini akiwa na piko nyeusi vidoleni hana kucha ya kusoma wala kipimo cha oksijeni cha kuaminika kwenye kidole hicho. Kwake tegemea kipimajoto na sindano. Choma ncha kwa sindano nyembamba: damu nyekundu inayochelewa kidogo ni nzuri, nyeusi inayobubujika ina maana vena imeziba, na isipotoka kabisa ateri imeziba. Sigara, miraa na muguka hubana mishipa midogo, na mgonjwa hataletewa mbele yako. Ataletewa na mgeni wa jioni. Chumba kisiwe na baridi ya kiyoyozi.

Kidole kikipoa nyuzi 2 kuliko jirani zake, au damu ya sindano ikibadilika rangi, legeza bandeji na nyuzi za ngozi papo hapo, inua au shusha mkono, na kama dakika 30 zimepita bila mabadiliko, piga simu ya daktari hata ikiwa saa tisa ya usiku. Kwa mshipa wa mgonjwa mwenyewe una saa chache za kurudi thieta na kuutoa bonge. Kwa uliogandishwa usitoe bonge na kushona upya palepale, maana ukuta uliolileta bado upo. Unaondolewa mzima, na vena ya kigasha inatafutwa hata kama mwanzoni ilionekana haifai, kwa hiyo mkono wa pili uwe umeshachorwa kwa kalamu tangu siku ya kwanza.